Kisima cha Mkwe

Kule nilikoolewa, upande wa Shumba, saa ya kuchota maji ilipangwa na bahari. Kisima chetu kilikuwa tundu ndani ya jiwe, mwendo mfupi kutoka ufukweni, na maji yake yalipanda na kushuka pamoja na maji ya pwani. Bahari ikijaa, na kisima kinajaa. Bahari ikipwa, unachungulia unaona jiwe limelowa tu. Leo utachota baada ya sala ya alfajiri, kesho jua limeshachomoza, keshokutwa unaacha chungu jikoni na kukimbia. Mimi sikuzoea. Nilitoka Tibirinzi, ambako kisima kiko palepale na maji yake yako palepale, na mtu huchota anapotaka, hata kama hataki maji bali kuzungumza na wenzake.

Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba sikuwa mtu wa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema hajapata kuniona nikitia kitako mara mbili mahali pamoja. Nikiwa jikoni nataka kuwa uani, nikiwa uani nataka kujua nani anapita njiani. Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke maweni, umwambie akae asubiri jiwe litoe maji.

Watu wakisikia Pemba hudhani kila mahali ni karafuu na matope. Upande ule hakuna karafuu. Ni jiwe la matumbawe, limetandaa kutoka vichakani mpaka pwani, na udongo umejificha katika vishimo vyake. Kishimo kimoja ukubwa wa sinia, kingine ukubwa wa bakuli. Mvua ikinyesha hupenya mara moja ikaenda zake, na jua likitoka huwezi kujua kwamba ilinyesha. Jembe halina kazi pale, litakurudia usoni. Tulipanda kwa kijiti kilichochongwa ncha: unatoboa, unatia samadi ya mbuzi kiasi cha gao, ujazo wa kiganja, unatia mbegu, unafukia kwa kisigino, unakwenda kutafuta kishimo kingine. Mtama, uwele, kunde, muhogo. Shamba likishavunwa misimu michache tuliliacha lirudi kuwa kichaka, tukahamia jiwe jingine. Hata shamba lenyewe, basi, lilikuwa likitembea, na mimi nikiambiwa nitulie.

Nyumbani tulikuwa watatu: mume wangu, mama yake ambaye alikuwa mjane, na mimi. Ilikuwa miaka ile ya siasa kabla ya uhuru, watu wakigomeana madukani na hata mazikoni. Kwetu ugomvi huo ulifika umechoka, kwa sababu dukani tulikuwa hatuna shughuli nako sana. Tulinunua mafuta ya taa, kiberiti na nguo. Kilichobaki kilitoka kwenye jiwe au kilitoka pwani. Bahari ikipwa wanawake tulishuka kuokota chaza na kombe na kuchokora pweza, ikijaa tukapanda kisimani, na katikati tukasuka ukili. Mbegu za mwaka unaofuata mama mkwe aliziweka juu ya uchaga wa meko ili zipate moshi, na hakuna mkono mwingine uliozigusa.

Maji hatukuyamwaga. Yaliyooshewa kunde walipewa mbuzi. Tukitawadha, kila mtu alikuwa na mmea wake wa kutawadhia: mama mkwe alisimama penye shina la mpapai, mume wangu penye boga, na mimi nilipewa mpilipili. Mara tano kwa siku mimea hiyo ilipata maji ya mikono na nyuso na miguu yetu, na ilikuwa na majani mabichi wakati kila kitu kimekauka. Nilicheka sana nilipoona jambo hilo mara ya kwanza. Baadaye nikawa naamka na kwenda kuutazama mpilipili wangu kabla sijamtazama mume.

Fungate ilipokwisha, mama mkwe ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kisimani. Debe lilikuwa haliruhusiwi kuingia mle. Tulitumia kata ya kifuu, tena kwa kuengua juujuu, taratibu, kama unavyoengua mafuta kwenye mchuzi. Ukichovya kwa nguvu unatibua ya chini, na ya chini yana chumvi. Kujaza mtungi mmoja kulitaka subira, na subira haikuwamo katika vyombo nilivyokwenda navyo. Zikifika siku za maji mafu, bahari inapokuwa mvivu, haijai wala haipwi sawasawa, tulipata mitungi miwili, na hiyo ndiyo ya kupikia, kunywa na kutawadhia. Nikamwuliza kwa nini hakichimbwi kikaenda chini zaidi.

“Kino hakiguswi chini,” akasema. “Ndivyo tulivyokikuta.”

Hilo kwangu halikuwa jibu. Baba yangu alikuwa fundi wa kuchimba visima, anajulikana Chake Chake mpaka Wesha, na mimi nimekua nikisikia kwamba kisima kikipungua maji dawa yake ni kushuka. Nilinyamaza kwa sababu yeye ni mama mkwe.

Maulidi yalipofika nilikwenda kwetu kutembea. Mama alinifumua nywele anisuke, akakuta utosi umeliwa na ngata ya kubebea mtungi. Akanigeuza akaiona na midomo yangu ilivyopasuka. Nikamwambia yote, kwa sauti, maana ndivyo nilivyo: bahari, kata ya kifuu, mitungi miwili, mpilipili unaotawadhiwa. Baba alikuwa barazani na alisikia kila neno. Mimi nikarudi kwa mume wangu, na vuli ya mwaka ule ikaja kwa manyunyu na kuondoka kabla watu hawajamaliza kutoboa mashimo.

Basi jua la kaskazi lilipokuwa kali kuliko yote, nikasikia hodi, na sauti nikaijua. Baba. Alikuwa amepanda gari mpaka Konde, na kilichobaki amekuja kwa miguu, mtaimbo begani, sululu na kamba mkononi. Nilijua kabla hajaketi kwamba mtu hatembei na mtaimbo kwenda kumsalimu mkwewe.

Alikaribishwa, akapewa dafu, akauliza hali za watu na mifugo kama inavyotakiwa. Kisha akamwambia mume wangu, bila kupandisha sauti, kwamba alipomtoa binti yake alimtoa kwa mume, hakumtoa kwa kiu. Amekuja kuchimba kisima. Kikishindikana, atafunga vyombo vyangu na kuondoka nami, na hakuna ubaya, watu watabaki ndugu.

“Ama maji, ama mwanangu,” akasema. “Chagua wewe, baba.”

Nilikuwa nyuma ya mlango na mama mkwe. Yeye alikuwa haonani ana kwa ana na mkwewe, ndiyo adabu ya kwao, hivyo alizungumza kwa kupitia mlangoni, akiwa amejifunika. Alisema kisima kile ni kizee sana, mkwe, na vizee havipendi kuamshwa. Baba akacheka kwa heshima, akajibu kwamba ameshaamsha vizee kuliko hicho na vyote vilimshukuru. Mama mkwe akasema labda mkwe apumzike kwanza, safari ndefu, jua kali. Baba akasema hakuchoka. Nilimwona mama mkwe akiukunja na kuukunjua ushungi wake magotini, nikadhani ni haya.

Hakuna mtu kule aliyeweza kumtazama mkwe usoni na kumwambia hapana. Unaweza kuzunguka, unaweza kuleta habari za vizee na jua kali, lakini neno lenyewe halitoki. Mume wangu alitazama ardhi kwa muda. Halafu akasimama, akavua shati, akauchukua ule mtaimbo kabla baba hajaugusa.

“Tuchimbe, baba,” akasema.

Mimi nilifurahi, sitaficha. Nilikoroga uji, nikachoma pweza, nikawa naingia na kutoka, siwezi kutulia. Majirani walikuja wakasimama pembeni. Nao hawakusema kitu. Baba na mume wangu walisubiri bahari ipwe, kisima kikawa kitupu, wakashuka. Chini kulikuwa na ganda la jiwe gumu, jeupe, kama sakafu. Walilipiga kwa zamu. Mume wangu alipiga kwa nguvu kuliko baba, na ile sauti ya chuma juu ya jiwe niliisikia mpaka tumboni.

Ganda lilipovunjika maji yalikuja kwa kishindo. Yaliwafika magotini, yakawafika mapajani, wakapanda kamba wakicheka. Nikapiga vigelegele, na wanawake wakanijibu, ingawa si wote. Baba alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama ukingoni maji yakimchuruzika, akasema alhamdulillahi, akaniwekea mkono kichwani.

“Nimekupa maji,” akasema. “Tulia sasa.”

Alikuwa ameaga nyumbani kwamba atalala mpaka Ijumaa. Hakulala. Alisema amekumbuka shughuli, akafunga kamba yake na kuondoka alasiri ya siku ileile. Mama mkwe alimshukuru kupitia mlangoni kwa maneno mengi na mazuri. Mume wangu alimsindikiza mpaka njia kubwa. Mimi nilibaki kisimani nikitazama maji yangu, nikachovya debe lote kwa mara ya kwanza, likatoka limejaa.

Asubuhi nilipika uji na hakuna aliyeweza kuunywa. Nikadhani nimetia chumvi mara mbili. Nikaonja maji yenyewe. Yalikuwa ya bahari, basi, hayakuwa na kasoro yoyote ya ubahari. Nikawapelekea mbuzi, wakanusa, wakageuza shingo. Mama mkwe alichovya kidole, akakitia ulimini, akasema, “Haya,” kisha akainuka kwenda kutafuta mtungi.

Nilimfuata mume wangu shambani, ngata bado iko kichwani. Nilimwuliza kama alijua. Akasema alijua. Kila mtu pale anajua, akasema, tangu mtoto: lile ganda ndilo lililokuwa likiyazuia ya chini yasipande, na maji matamu yanaelea juu yake kidogo tu. Nikamwuliza kama alijua, kwa nini asiseme, na kwa nini tena ashike mtaimbo yeye wa kwanza.

“Angekuchukua,” akasema.

Akaendelea kutoboa mashimo. Mimi nilisimama pale. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na nilitamani kumpiga kwa kile kijiti chake. Mtu amevunja kisima cha babu zake ili mimi nisiondoke, na mimi nisiyeondoka nitakunywa nini?

Tukaanza kwenda pangoni. Pango lilikuwa mbali, nyuma ya vichaka, na mlikuwa na maji baridi ndani ya giza, unashuka na mwenge wa makuti mkono mmoja na mtungi mkono mwingine. Maji hayakuwa mengi na wenyewe walikuwa wengi, kwa hiyo tulipanga foleni na kupeana zamu. Nilikwenda asubuhi na kurudi, nikaenda alasiri na kurudi. Miguu iliyokuwa ikitaka kutembea sasa ilipata ya kutembea. Mvua iliponyesha usiku au mchana tulifunga majani ya mnazi kuzunguka shina na kuelekeza matone kwenye mtungi, na matone hayo tulinywa kwanza, kabla ya yale ya pango.

Boga la mume wangu lilikufa kwanza, kwa sababu alijisahau akatawadha kwa maji ya kisima siku chache. Majani yalianza kuungua pembeni, kisha yakajikunja. Mpapai ulivumilia. Mpilipili wangu niliutawadhia maji ya pango, na nilitia udhu kwa kata moja tu, nikilisimamia kila tone. Masika yalikuwa madogo. Tulikula makopa ya muhogo, na tulipoishiwa na makopa mama mkwe alituongoza kwenye mchanga wa pwani kuchimba uwanga, ule mzizi unaokwaruzwa na kuoshwa tena na tena mpaka uchungu uishe. Mtu aliye na maji machache akaoshe chakula mara nyingi namna ile! Tuliuosha pwani kwa maji ya bahari, na mara ya mwisho tu kwa ya pango.

Na kila bahari ilipopwa tulishuka kisimani kukirudisha. Mama mkwe alikuwa juu akielekeza, mume wangu chini, na mimi kwenye kamba. Mawe kwanza, yaliyopangwa kwa meno yake, halafu kokoto, halafu udongo wa kichuguu uliokandwa na kushindiliwa kwa mguu. Tulipoziba, bahari ilijaa ikatoboa. Tukaziba tena. Nilichukia kazi ile, na nilikuwa wa kwanza kufika.

Nilichokuwa nacho mkononi wakati wote huo ni neno moja. Mama yangu alituma salamu na kila aliyepita, akiuliza maji vipi. Ningejibu ukweli, baba angekuja kesho yake na vyombo vyangu vingefungwa. Nilikuwa nikilisema neno hilo njiani, peke yangu, mtungi kichwani: maji ya chumvi, njoo unichukue. Siku nyingine nililisema mpaka nikafika karibu na njia kubwa. Kisha anatokea mtu anayekwenda Chake, ananiuliza nina salamu gani za kwetu, na mimi namwambia awaambie maji tele. Sijui kwa nini. Naona lilikuwa halinitoki na mimi pia, baada ya kukaa nao.

Mtama ulipokwisha kuvunwa, mavuno madogo ya kutosha mbegu na miezi michache, baba akaja. Safari hii mikono mitupu, amevaa kanzu. Alikaribishwa barazani. Mume wangu akakimbilia kuangusha dafu, baba akamzuia. Akasema hakuja kunywa dafu, dafu liko hata kwao. Anataka maji ya kisima chake.

Hapo tulikuwa tumeshaziba ganda na lilikuwa limeshika, lakini kisima hakijapona. Maji yake yalifaa kuoshea vyombo, na mbuzi waliyanywa kwa shida. Mume wangu alinitazama. Mama mkwe, nyuma ya mlango, alinitazama. Ya pango yalikuwa yamekwisha tangu asubuhi na nilikuwa bado sijakwenda tena. Nikashuka kisimani, nikaengua juujuu kwa uangalifu wangu wote, nikampelekea baba kata kwa mikono miwili.

Alikunywa taratibu. Hakukunja uso. Alikunywa mpaka akarudisha kichwa nyuma, tone la mwisho, akaiweka kata chini.

“Maji mazuri, mkwe,” akasema kuelekea mlangoni.

“Yako hayo, mkwe,” mama mkwe akajibu. “Mungu akulipe kheri.”

Mume wangu alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Wote watatu walikuwa wameridhika, naapa, wangekaa hivyo mpaka magharibi, wakapeana mikono na kuagana. Mimi shingo iliniuma, na miguu iliniuma.

“Baba,” nikasema, “maji ya chumvi hayo. Yameharibika tangu siku uliyochimba.”

Baba alipapasa kifuu cha ile kata kwa kidole gumba.

“Najua, mwanangu,” akasema. “Niliyaonja nikiwa bado mle shimoni.”

“Ukaondoka?”

“Nikaondoka. Nshawaharibia watu kisima chao, na nikuchukue na wewe tena? Wangebaki na nini?”

Nikalizungusha jambo lile kichwani. Mume wangu alitoa kisima ili abaki na mimi. Baba yangu akanitoa mimi ili kulipia kisima. Mama mkwe alijua yote mawili akamshukuru kila mtu. Na aliyebeba mitungi kutoka pangoni, aliyekula uwanga, aliyekuwa kwenye kamba, hakuulizwa na yeyote anataka nini. Nikawaambia hivyo. Niliwaambia wote, yule wa mlangoni pamoja, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba adabu zao zimenila utosi.

Baba alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, kwa upole, kwamba basi ananiuliza. Kama nataka kurudi Tibirinzi, twende leo, na mkwe atamwia radhi.

Mume wangu aliinua macho. Mara ya kwanza tangu asubuhi alinitazama sawasawa, na hakuniomba. Hilo lilinikasirisha kuliko yote.

“Sirudi,” nikasema.

Nililisema kwa hasira, na likishasemwa limesemwa. Nimekaa nalo umri mzima, nimezaa nalo, nimezika nalo, na mpaka leo sijui ningejibu nini kama wangeniuliza siku ile ya mtaimbo. Ninalojua ni kwamba nilipomaliza kulisema nilitafuta ngata, nikachukua mtungi na mwenge, nikatoka, maana bahari ilikuwa imeanza kupwa na maji ya pango hupungua nayo, njia ya pangoni ni ndefu, na mgeni wetu alikuwa hajapata maji ya kunywa.